Jeep ndogo na remorke ya kulala: kabla ya kuuliza kama itapanda, uliza kama itashuka

Mtu ana jeep ndogo, Suzuki Jimny au moja ya ndugu zake. Anataka kufunga nyuma yake remorke ya kulala: chumba kidogo juu ya magurudumu mawili, kitanda, jiko la gazi, tanki la maji. Ndugu yake aliye Ubelgiji amemtumia picha za familia zinazosafiri hivyo wakati wa likizo. Anaenda garaji kuuliza kama gari yake itaweza. Fundi anafungua kofia ya injini, anasikiliza mlio, anatikisa kichwa kwa kuridhika na kujibu: itavuta bila shida.

Fundi hadanganyi. Itavuta kweli. Shida ni kwamba swali lililoulizwa ni dogo kuliko safari yenyewe, na sehemu iliyoachwa nje ya swali ndiyo inayoweza kumaliza watu.

Hapa Kivu remorke ya kulala haiwezi kuchukuliwa kama mchezo wa matajiri peke yao. Kila mtu anayejua barabara za mashariki ya Kongo anajua maana ya kulala njiani. Mvua ikinyesha, kamio moja ikizama kwenye matope inafunga njia kwa wote walio nyuma yake. Safari ya saa nne inakuwa ya siku mbili, na kati ya mji na mji hakuna hoteli. Timu ya chanjo inayoenda vijiji vya mbali, mfanyabiashara anayefuata soko za siku tofauti, mhubiri, mtafiti, kijana anayetaka kuanzisha kazi ya kupeleka wageni kuona milima: hao wote wana sababu nzuri ya kutaka chumba chao wenyewe nyuma ya gari. Na wengi wao hawana pesa ya kununua Land Cruiser kubwa ya tani mbili na zaidi. Wana jeep ndogo, au ndiyo wanayoweza kupata.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwacheka. Wanapaswa kujibiwa vizuri, kwa namba.

Anayejua jambo hili kuliko wengi ni mwendesha chukudu wa Goma. Asubuhi anateremka kutoka upande wa Kibumba na mzigo wa makabichi, viazi ao kuni, mzigo unaozidi uzito wake mwenyewe mara nyingi. Muulize wapi kazi ni ngumu. Kwenye kupanda atakuambia juu ya jasho, na kama nguvu zikiisha anasimama, anaweka jiwe chini ya gurudumu, anapumzika, ao anaita vijana wamsukumie. Kwenye kushuka hakuna wa kumwita. Anachonacho ni mguu wake anaobana nao gurudumu la nyuma, na akishaachia mbio kupita kiasi mguu hautoshi tena. Jeep inayovuta remorke inafuata sheria hiyo hiyo, hata kama ina injini na viti vya kitambaa.

Tuje kwenye namba za gari yenyewe. Jimny ya injini ya lita 1.5, ile iliyotoka mwaka 2018, ina uzito wa karibu kilo 1,090 ikiwa tupu. Ikishapakiwa watu na vitu, isizidi kilo 1,435. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni metre 2.25 tu. Nguvu ya injini ni farasi 102, na hiyo ni chini kwenye bahari. Kwenye urefu wa Bukavu ao Goma, karibu metre 1,500, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15. Mtengenezaji anairuhusu kuvuta kilo 1,300 ikiwa remorke ina freni zake. Ikiwa remorke haina freni, ruhusa inaanguka mpaka kilo 350. Na uzito unaokaa juu ya ndoana ya nyuma usipite kilo 75.

Watu wanasoma 1,300 na wanafurahi. Namba ya kusoma kwanza ni 350. Kati ya namba hizo mbili kuna kilo 950, na injini ni ile ile, chasi ni ile ile, shoferi ni yule yule. Kilichobadilika ni freni peke yake. Mtengenezaji mwenyewe, anayetaka kuuza gari, ameandika kwenye kitabu chake kwamba bila freni za remorke gari hii haifai kukabidhiwa hata theluthi moja ya mzigo ule.

Kuna jambo jingine wanunuzi wa hapa wanapaswa kujua. Magari mengi yanayofika mashariki ya Kongo ni ya mitumba kutoka Japani. Huko Japani kuna Jimny mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni hii ya 1.5, wao wanaiita Jimny Sierra. Nyingine ina injini ya sentimita 660 na nguvu ya farasi 64, iliyofanywa ndogo ili mwenye gari alipe kodi ndogo. Kwa sura, mtu asiyezoea anaweza kuzichanganya. Aliyenunua ya 660 na kusoma kwenye simu yake kwamba "Jimny inavuta kilo 1,300" amesoma kitabu cha gari ya mtu mwingine.

Namba hizo 1,300 zinatoka wapi? Kwa sheria za Ulaya, gari ikiwa na remorke yake lazima iweze kuondoka kwenye mpando wa asilimia 12, mara tano, ndani ya dakika tano. Ni kipimo kizuri, kinaonyesha kama injini, klachi na vitesi vitastahimili. Lakini ni kipimo cha kupanda. Na ni kipimo cha barabara ya lami, si cha udongo mwekundu baada ya mvua ya saa tisa. Zaidi ya hapo, vitabu vya watengenezaji wengi vinaomba kupunguza asilimia 10 ya uzito kwa kila metre 1,000 za urefu, kwa sababu ya hewa ile nyepesi.

Namba hizo hazifanani hata kutoka inchi moja hadi nyingine. RAV4, gari inayopendwa sana Bukavu na Goma, ni mfano mzuri. Ile ya silinda nne iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 2006 ilipewa ruhusa ya pauni 1,500, karibu kilo 680. Ulaya gari ya kizazi hicho hicho ilipewa zaidi sana.  Sababu moja ni desturi ya barabara: Ulaya remorke kubwa zina freni zake, na gari inayovuta inalazimishwa kwenda polepole, Ujerumani, kwa mfano, sheria ya kawaida ni kilometre 80 kwa saa hata kwenye barabara kuu. Namba ya kuvuta ni makubaliano kati ya gari, barabara na sheria. Mtu akichukua namba ya Ulaya na kuileta Ngomo, amechukua mguu mmoja wa meza na kuacha mingine mitatu.

Wamarekani wanatoa mfano mwingine unaofaa kwa jeep fupi. Jeep ya kweli, ile ya kampuni yenye jina hilo (hapa kila gari ya kupanda mlima inaitwa jeep), ilitoa Wrangler ya kizazi cha JK katika sura mbili, moja ya milango miwili na nyingine ya milango minne, kwa injini ile ile. Fupi ilipewa pauni 2,000, karibu kilo 907. Ndefu ilipewa pauni 3,500, karibu kilo 1,588. Kilichoongezwa ni urefu na uzito wa gari. Gari fupi inageuzwa kirahisi na kitu kinachoisukuma kutoka nyuma, kama vile mtoto anavyogeuzwa na mbuzi aliyemfunga kamba kiunoni. Na Jimny ni fupi kuliko ile Wrangler fupi.

Sasa tupakie remorke. Watu wanahesabu chombo kikiwa tupu, kama kilivyo siku ya kununuliwa. Tuseme ni chumba chepesi cha kilo 500, kidogo kabisa, cha watu wawili. Weka maji lita 60: kilo 60. Betri ya umeme wa jua: kilo 25. Chupa ya gazi pamoja na chuma chake: karibu 27. Mfuko wa unga: 25. Magodoro na mablanketi: 30. Bidoni mbili za esanse za lita 20, maana njiani haijulikani: 33. Gurudumu la akiba: 20. Vyombo vya fundi, jeki, kamba, jembe la kuchimbulia matope: 20. Tumefika kilo 740, na bado mama mkwe hajatuma kikapu chake cha ndizi.

Upande wa jeep hesabu ni mbaya vilevile. Kutoka 1,090 mpaka 1,435 kuna nafasi ya kilo 345. Watu wazima wane wa kilo 70 ni 280. Ongeza kilo 75 za kichwa cha remorke kinachokaa juu ya ndoana, maana hizo zinahesabiwa kwa jeep: 355. Nafasi imekwisha, imepitwa, na hakuna aliyeingiza hata begi.

Weka msafara huu juu ya barabara ya taifa namba 5, kutoka Bukavu kwenda Uvira, kupitia Nyangezi na milima ya Ngomo mpaka Kamanyola na tambarare ya Ruzizi. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa metre karibu 1,460. Ziwa Tanganyika liko karibu 770. Kutoka ziwa moja mpaka lingine, gari inapoteza urefu wa metre 690, na sehemu mbaya kabisa ya mteremko huo iko pamoja, kwenye kona za Ngomo. Jeep ya kilo 1,435 na remorke ya 740 ni kilo 2,175. Uzito huo ukishuka metre 690, nguvu inayotolewa inatosha kuchemsha karibu lita 44 za maji kutoka ubaridi wa mtoni mpaka kutokota. Ni zaidi ya zile bidoni mbili za manjano ambazo watoto wanabeba kutoka kisimani. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo, na matairi, na injini kama shoferi amekaa kwenye vitesi vidogo. Inayobaki inaingia kwenye chuma cha freni, chenye uzito wa kilo chache tu.

Theluthi moja ya moto huo inaletwa na remorke. Kama remorke ina freni zake, inajibeba. Kama haina, freni za jeep zinafanya kazi ya gari moja na nusu, na hazikuumbwa kwa kazi hiyo: mbele diski, nyuma ngoma, za ukubwa wa gari ndogo. Shoferi anasikia harufu kwanza. Halafu anakanyaga na gari haipungui kama mwanzo. Halafu, kama mafuta ya freni ni ya zamani, pedali inaenda chini kama inakanyaga matope. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye digri 230 ao zaidi. Yakishanyonya unyevu wa miaka, yanachemka kwenye digri 155. Ni shoferi wangapi wa Kivu waliowahi kubadilisha mafuta ya freni kabla hayajavuja? Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke haubani kitu chochote.

Na mbele yake hakuna bonde tupu. Chini ya mteremko kuna vijiji, kuna wamama waliobeba makala kwa mgongo, wanafunzi wanaotoka masomo, wamotari waliosimama kando wakingoja abiria. Mwenye remorke amechagua safari yake. Wale hawakuulizwa.

Wengine watasema: basi tuweke freni kwenye remorke, mambo yamekwisha. Ni jibu zuri, lakini lina maelezo yake. Freni ya kawaida ya remorke ndogo inafanya kazi kwa msukumo: jeep ikipunguza mwendo, remorke inaisukuma, mkono wa mbele unarudi ndani kidogo, unavuta waya, na freni za remorke zinabana. Ni kitu cha busara na hakihitaji umeme. Lakini kwenye mteremko mrefu remorke inasukuma muda wote, kwa hiyo freni zake zinabana muda wote, na zenyewe zinapata moto. Ndiyo maana hata remorke yenye freni inahitaji kupumzishwa njiani. Mwenye haraka ya kufika Kamanyola kabla ya giza anaona kupumzika ni kupoteza wakati.

Kuna pia remorke zinazoundwa hapa hapa. Mafundi wa kuchomelea wa Goma na Bukavu wana mikono mizuri, hakuna wa kukataa hilo. Wanachukua ekseli ya gari iliyokufa, wanachomea chasi juu yake, wanaweka mbao na mabati. Ekseli hiyo inaweza kuwa bado na ngoma za freni, na mnunuzi anaonyeshwa: angalia, freni zipo. Zipo, lakini kama hazikuungwa na mkono wa msukumo ni mapambo, sawa na kengele isiyo na ulimi. Ni vizuri mnunuzi alale chini ya remorke yake na kufuata waya kwa kidole kutoka mbele mpaka kwenye gurudumu kabla ya kutoa dolari moja.

Matope yana hatari yake ya peke yake. Kwenye udongo unaoteleza, jeep ndogo inajisifu kwa haki: ina chasi ya ngazi, ekseli nzima, na vitesi vya chini vya magurudumu manne. Bila remorke inapita pale ambapo gari kubwa zinalia. Lakini remorke isiyo na freni, kwenye mteremko wenye utelezi, inasukuma mkia wa jeep kwenda pembeni, na kwa sababu jeep ni fupi, pembeni inafika haraka. Viwili hivyo vinajikunja kama kisu cha mfukoni. Barabara ya Kabasha, pale namba 2 inapotoka Kanyabayonga kuteremka kwenye bonde la Rwindi, haina nafasi ya kujikunja.

Tambarare nayo inadanganya. Mtu akishamaliza milima na kuona Ruzizi imenyooka mbele yake, anakanyaga. Hapo ndipo remorke inaanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kama mbwa anayefurahi. Mara nyingi sababu iko kwenye upakiaji: vitu vizito vimewekwa nyuma ya ekseli, kichwa cha remorke kimekuwa chepesi, na mkia ndio unaoongoza. Wazungu wa Uingereza wanaosafiri na vyumba hivi wanashauri kichwa kibebe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa remorke, na remorke isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa Jimny hiyo asilimia 85 ni karibu kilo 926, na hao wanasema juu ya barabara zao za lami, zenye freni za msukumo zilizopimwa. Mkia ukianza kucheza, shoferi aondoe mguu kwenye esanse, ashike volani sawa, aache mwendo ujishushe. Asikanyage freni kwa nguvu, wala asijaribu kuikimbia kwa kuongeza mwendo. Ni rahisi kuandika. Aliye kwenye volani na watoto wanaopiga kelele nyuma ataona ugumu wake.

Sheria ipo. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao Kongo ilijiunga nao enzi ya Zaire, mwaka 1977, unasema remorke inayozidi kilo 750 lazima iwe na freni zake. Unasema pia kwamba hata remorke nyepesi, chini ya kilo 750, lazima iwe na freni kama uzito wake unaoruhusiwa unazidi nusu ya uzito wa gari tupu inayoivuta. Sentensi hii ya pili imeandikwa kama mtu aliyekuwa akifikiri juu ya Jimny. Nusu ya 1,090 ni 545. Remorke yetu ya kilo 740 iko chini ya 750, mwenyewe anaweza kujisifu kwamba ni "nyepesi", lakini kwa gari hii imepita mpaka kwa karibu kilo 200.

Nani anapima? Mtu anayesimamisha gari njiani anaomba karatasi: karte roze, asiransi, kontrole tekniki. Ni nadra sana kuona mtu akiinama kuangalia chini ya remorke. Na wenye magari wana hofu ambayo si ya bure: kila sharti jipya linaweza kuwa mlango mpya wa kuombwa pesa. Wako pia wanaosema kwamba ni aibu kuzungumza juu ya remorke ya kulala wakati kamio zilizojazwa mpaka mbinguni, na watu juu ya mzigo, zinashuka Ngomo kila siku. Wana haki. Kamio ile ni hatari kubwa zaidi, na inastahili maneno yake. Lakini kamio zina mizizi ya miaka mingi, zina wakubwa nyuma yake, zina mji mzima unaongoja unga. Remorke za kulala bado ni chache. Jambo ambalo bado ni dogo linaweza kunyooshwa bila kumwangusha mtu.

Na kunyoosha hakuhitaji ofisi mpya. Inatosha kila remorke, iliyoletwa ao iliyochomelewa hapa, iwe na kibao cha chuma chenye namba mbili: uzito ikiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Inatosha kontrole tekniki iweke alama moja ya ndiyo ao hapana mbele ya neno freni, na ivute ule mkono wa msukumo kwa mkono kuona kama magurudumu yanabana. Kwenye vizuizi vya peaje gari inasimama tayari. Anayekata tiketi ana macho, na kuangalia kibao ni kazi ya dakika moja. Kama kibao kinasema 740 na gari mbele ni Jimny na freni hazipo, remorke ibaki pale, gari iende. Faini inalipwa na kusahaulika. Remorke iliyobaki kwenye kizuizi mwenyewe atairudia, na atarudi na fundi.

Na yule mtu wa mwanzo, bado anangoja garaji? Jibu lake ni hili. Kama Jimny yake ni ya 660, aweke hema juu ya paa, jepesi, na kuacha habari ya remorke. Kama ni ya 1.5, remorke ya kulala ya kawaida, ile ya picha kutoka Ubelgiji, yenye choo na friji, haimfai kwenye milima hii, hata kitabu kikisema 1,300. Kitanda kidogo juu ya magurudumu, kisichozidi kilo 500 kikiwa kimejaa, chenye freni zilizounganishwa na mnyororo wa akiba kati yake na gari, kinaweza kumfaa, akiwa na watu wawili ndani ya jeep na si wane. Remorke ya kilo 350 isiyo na freni ibaki kwa kazi za mjini na tambarare. Ngomo na Kabasha si zake.

Juu ya mlima, kabla ya kona ya kwanza, asimame. Aweke vitesi vya chini akiwa bado amesimama, kwa sababu katikati ya mteremko kazi hiyo imechelewa. Katikati ya njia, mahali panapopanuka, asimame tena, aweke jiwe chini ya gurudumu la remorke kama mwendesha chukudu, na kuleta mkono wake karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Kama moja ni la moto sana kuliko wenzake, freni yake inabana peke yake. Kama la remorke ni baridi kabisa na la jeep linachoma, freni za remorke hazikufanya kazi tangu juu, na ni jeep iliyoshusha kila kitu. Hapo asiendelee kabla ya kupoa, hata jua likizama. Kitanda si anacho.